Pumzi ya mtoto mchanga inatuambia nini?

Mtoto wa miezi minne akibanwa kifua pale Didia, Shinyanga, mama yake humkimbiza zahanati, na hali ikizidi safari inaendelea hadi hospitali ya mkoa. Kila mhudumu anayempokea hujiuliza swali lile lile: hii ni nimonia ya bakteria inayotaka amoksilini, ni virusi, au ni pumu inayoanza? Kumsikiliza kifua hakutoshi kujibu, na hata eksirei mara nyingi haimalizi ubishi. Ndiyo sababu wanasayansi wameanza kupima hewa yenyewe anayoitoa mtoto.

Ndani ya hewa hiyo mna gesi kidogo mno iitwayo nitriki oksaidi, inayotengenezwa na kuta za njia za hewa. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walitangaza mwaka 1991 kuwa imo katika pumzi ya binadamu, na miaka miwili baadaye ikabainika kuwa wenye pumu huitoa kwa wingi. Hupimwa kwa sehemu kwa bilioni. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani wa mwaka 2011 unasema mtoto akiwa chini ya 20, uvimbe wa mzio katika mapafu si wa kutarajiwa. Akizidi 35, upo uwezekano mkubwa.

Kwa watoto wachanga wenye virusi vya RSV, ambavyo huvimbisha vijia vidogo vya mapafu na kuvijaza makohozi, mambo yamekuwa kinyume. Mtu angedhani uvimbe ungepandisha gesi hii, lakini watoto waliopimwa wakiwa wagonjwa wameonekana kuwa nayo kidogo kuliko wenzao wazima. Huenda virusi vinaharibu chembe zinazoitengeneza, huenda makohozi yanaizuia kutoka. Vyovyote iwavyo, dalili hiyo inavutia, kwa kuwa pumu huipandisha na RSV huishusha, ilhali kwa sikio magonjwa haya mawili hutoa mlio ule ule wa kifua.

Taabu iko kwenye kupima. Mtu mzima huambiwa avute hewa, kisha apulize taratibu, mililita 50 kwa sekunde, kwa sekunde kadhaa. Mtoto wa kilo tano hatii amri ya mtu, na pumzi yake moja haizidi sana mililita 35. Huvalishwa barakoa akiwa amelala, hewa ikakusanywa kwenye mfuko. Tena hupumua kwa pua, na pua pamoja na mianzi yake hutengeneza gesi hiyo hiyo kwa wingi kuliko mapafu, hivyo hesabu huchanganyika. Akilia, au akipumua haraka kwa homa, namba hubadilika.

Na hewa inayomzunguka je? Moto wa kuni, injini za dizeli na baruti za migodini vyote hutoa gesi za jamii hii. Kwa maoni yangu, viwango vilivyopatikana katika wodi safi za Ulaya haviwezi kuhamishiwa Geita au Shinyanga bila watoto wa huku kupimwa kwanza. Uwezo wa utafiti wa namna hiyo nchini Tanzania upo. Mwaka 1996 Nicholas Anstey, Esther Mwaikambo na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wa Dar es Salaam uliopima mabaki ya nitriki oksaidi katika damu na mkojo, wakaona kwamba malaria ilivyozidi ukali ndivyo gesi hiyo ilivyopungua mwilini.

Haja ya kutofautisha virusi na bakteria ni kubwa. Watoto 1,005 wenye homa walipochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa karibu asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Utafiti wa nchi saba, Kilifi ya Kenya ikiwemo, uliripoti mwaka 2019 kuwa RSV pekee ilisababisha takriban theluthi moja ya nimonia kali za watoto waliolazwa. Amoksilini haiui virusi, lakini ndiyo inayonunuliwa kwanza kwenye duka la dawa, na kila dozi isiyohitajika inawazoesha bakteria dawa hiyo.

Kipimo cha pumzi bado ni cha watafiti, si cha kuamulia tiba ya mtoto. Kinachookoa maisha leo ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, na kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni au mguuni, kama kilivyofanyiwa majaribio katika zahanati za Sengerema, jirani na Geita. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji kuongezewa oksijeni na kulazwa.

Mzazi, mfunue mwanao kifua umhesabie. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, ni 50. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akilegea au midomo ikiwa ya bluu, usipitie duka la dawa. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.