Bustani ya shule hufa likizo: michango midogo ya kila mwezi ndiyo huiokoa

WAFANYABIASHARA wa mpakani hawahitaji kuelezwa maana ya mtaji wa kuzungusha. Anayenunua maharage upande mmoja na kuyauza upande wa pili anajua kwamba kufungua biashara si kazi kubwa. Kazi ni kuwa na kitu mkononi pale mzigo unapochelewa, mvua inapokata barabara au bei inapoanguka.

Bustani za shule katika nchi za Afrika Mashariki zinakwama hapo hapo. Shule inapotaka kuanzisha bustani, wazazi huitwa, wenye maduka huombwa, fedha hupatikana na majembe na mbegu hununuliwa. Wiki chache baadaye mchicha unavunwa na kila mtu anafurahi. Kisha shule inafungwa. Hakuna wa kumwagilia, mbuzi wanapita penye uzio uliolegea, na watoto wanaporudi wanakuta matuta makavu.

Kalenda yenyewe inachangia. Tanzania hufunga shule mwezi Juni, wakati sehemu kubwa ya nchi imeingia kiangazi. Nchini Rwanda, likizo ndefu ya Julai na Agosti iko katikati ya ukame. Anayechangia bustani ya shule bila kuuliza nani atashika ndoo miezi hiyo, anachangia mboga za msimu mmoja.

Kutoka adhabu hadi somo

Wazo la shule kulima si geni kwetu. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi washiriki kupanga kazi, na waone kwa macho yao faida ya samadi na ya mbegu bora. Kenya nayo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilififia kwa miaka mingi, kisha vikazinduliwa upya mwaka 2021 wakati wa Rais Uhuru Kenyatta.

Katika utekelezaji, mambo hayakwenda sawa kila mahali. Katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa kumpeleka aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani. Mtoto aliyepewa jembe kama adhabu alihitimu akijua jambo moja kuhusu kilimo, kwamba ni cha walioshindwa.

Hali hiyo ndiyo iliyomsukuma Edward Mukiibi wa Uganda. Mwaka 2006, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, alishiriki kuanzisha mradi wa bustani za shule wilayani Mukono, unaojulikana kwa kifupi kama DISC. Lengo lilikuwa kuwarudishia watoto mapenzi ya kulima na kula mazao ya kwao. Mwaka 2022 Mukiibi alichaguliwa kuwa rais wa Slow Food, shirika la kimataifa lenye makao yake Italia, akipokea nafasi hiyo kutoka kwa mwasisi wake, Carlo Petrini.

Bustani inayofundisha hutambulika mapema. Watoto wenyewe hupima matuta na kujifunza hesabu. Huandika tarehe ya kupanda na ya kuvuna, hulinganisha tuta lenye mboji na lisilo na mboji, na hula walichovuna. Mwalimu wa sayansi huitumia bustani kama anavyotumia ubao. Ikiwa wanaoonekana bustanini ni watoto waliofukuzwa darasani, hapo hakuna somo la kuchangia.

Bustani si ghala la shule

Kuna ahadi inayotolewa mara nyingi kwenye michango, kwamba bustani italisha shule nzima. Hesabu inaikataa. Mtoto mmoja akipewa gramu 50 tu za mboga kwa mlo, shule ya watoto 500 inahitaji kilo 25 kwa siku, na kilo 125 kwa wiki ya siku tano. Sukuma wiki huanza kuchumwa karibu miezi miwili baada ya kupandwa, na tuta lililochumwa leo linahitaji muda kuchipua tena. Matuta machache nyuma ya darasa hayawezi kwenda na kasi hiyo, achilia mbali unga na maharage.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina miongozo kadhaa kuhusu bustani hizi, na linaziweka zaidi upande wa elimu na lishe kuliko upande wa kujaza sufuria. Bustani inaweza kuongeza mchicha, kunde, mnavu au viazi lishe vya rangi ya chungwa kwenye sahani iliyozoea ugali na maharage. Mtoto anaweza kubeba ujuzi huo, na hata miche, hadi nyumbani.

Kwa mfanyabiashara wa nafaka hili lina maana mbili. Bustani haimnyang'anyi soko, kwa sababu shule itaendelea kununua mahindi na maharage. Na akiambiwa kwamba mchango wake utaondoa njaa shuleni, ana haki ya kuomba hesabu kama hiyo ya hapo juu.

Fedha inakwenda wapi

Wachangishaji wengi hutaja mbegu na majembe kwa sababu vinaonekana. Mbegu za mboga ni gharama ndogo. Kinachokula fedha ni maji, uzio na mtu. Maji maana yake ni tangi la kuvuna mvua kutoka kwenye paa la darasa, pamoja na mabomba yake. Uzio unaweza kuwa wa seng'enge au wa michongoma, lakini lazima ukaguliwe na kuzibwa kila mara. Mtu ni yule anayelipwa kidogo kuangalia bustani wakati wa likizo na kumsaidia mwalimu wakati wa muhula.

Slow Food ilipoanzisha mpango wa bustani 1,000 barani Afrika, uliotangazwa mwaka 2010 na baadaye kupanuliwa hadi lengo la bustani 10,000, iliwaomba wafadhili yuro 900 kwa kila bustani. Kiasi hicho hakikuwa cha mbegu na vifaa tu. Ndani yake yalikuwamo mafunzo na kazi ya waratibu wa huko huko. Waliopanga bajeti hiyo walijua kwamba jembe bila mtu halimwagilii.

Harambee ina mipaka yake

Njia ya kuchangisha inayojulikana zaidi katika ukanda huu ni harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Shule nyingi za Kenya zilijengwa kwa nguvu hiyo. Lakini harambee ina siku moja, mgeni rasmi mmoja na jambo moja linaloonekana. Inafaa kujenga darasa. Bustani inadai fedha kidogo kila wiki, na haina siku ya kukata utepe.

Pia sheria zimebadilika, na anayechangia ng'ambo ya mpaka azijue. Kenya ilibana maafisa wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha kupitia sheria ya maadili ya mwaka 2003, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Tanzania iliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi kupitia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na Januari 2018 Rais John Magufuli akasisitiza kwamba walimu wasichangishe na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Anayetaka kutoa kwa hiari afuate utaratibu wa halmashauri na kamati ya shule, asimkabidhi mwalimu fedha mkononi.

Rwanda imejaribu njia nyingine. Mzazi wa mtoto wa shule ya msingi huchangia faranga 975 kwa muhula kwa ajili ya chakula, na sehemu kubwa hulipwa na serikali. Juni 2024, Wizara ya Elimu ilizindua kampeni ya Dusangire Lunch, yaani tule pamoja chakula cha mchana, inayomwezesha yeyote kutuma kiasi chochote kwa simu. Kampeni hiyo ni ya chakula cha mchana, si ya bustani, lakini inaonyesha jinsi fedha ndogo za watu wengi zinavyoweza kukusanywa bila jukwaa wala mgeni rasmi.

Wafanyabiashara wanayo njia tayari

Kenya wanaita chama, Tanzania upatu au vikoba, Rwanda ibimina. Ni vikundi ambavyo wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, wameviendesha kwa daftari, mweka hazina na faini ya anayechelewa. Utaratibu huo ndio bustani ya shule inauhitaji.

Chukua kikundi cha watu 30 sokoni. Kila mmoja akitenga shilingi 100 za Kenya kwa wiki, kwa mwaka zinapatikana shilingi 156,000. Nusu ya fedha hizo ikiwekwa kwa ajili ya maji na uzio, na nusu kwa posho ya mtunzaji wa bustani na mbegu, fedha haziishi siku moja. Mwezi ambao shule haijaleta hesabu, kikundi kinasimamisha fedha hadi hesabu ije. Baada ya harambee nguvu hiyo haipo, kwa sababu kila kitu kimeshatolewa.

Mbegu nazo zina karatasi

Baadhi ya wafanyabiashara hupendelea kutoa vitu kuliko fedha, hasa mbegu, miche au vipandikizi walivyonunua upande wa pili. Hapa panahitaji uangalifu. Hati rahisi ya uasili wa bidhaa, inayotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, inasaidia kwenye ushuru tu. Haichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea.

Sababu iko mashambani. Batobato na michirizi ya kahawia ya mihogo husafiri ndani ya vipandikizi. Ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, uliogunduliwa Bomet nchini Kenya mwaka 2011, ulionekana Tanzania, Uganda na Rwanda ndani ya miaka michache. Fungu moja la vipandikizi lililopitishwa kwa nia njema linaweza kuanzia bustani ya shule na kuishia kwenye mashamba ya wazazi wote wa kijiji. Ni salama zaidi kununua mbegu zilizothibitishwa katika nchi ambayo shule iko.

Maswali kabla ya kutoa

Kikundi kinachoombwa kusaidia bustani ya shule kinaweza kuuliza mambo manne. Nani atamwagilia likizo, na analipwa nini? Maji yanatoka wapi mwezi wa ukame? Ni somo gani linafundishwa bustanini, na je, kuna mtoto anayepelekwa huko kama adhabu? Hesabu itasomwa wapi na lini, mbele ya wazazi?

Mkuu wa shule mwenye majibu anastahili kusaidiwa hata kama bustani yake bado ni matuta matatu. Asiye na majibu apewe muda ayatafute, na fedha zibaki kwa mweka hazina wa kikundi mpaka ayalete.