Kidonge cha Mbwa, Ini la Mtoto

Kuna aina ya tegu ambayo mbwa akiwa nayo haumwi. Anakula vizuri, anakimbia, analinda mbuzi usiku kucha. Ndani ya utumbo wake mwembamba wanaweza kuwamo maelfu ya tegu wadogo, kila mmoja urefu wake milimita chache tu, nao hudondosha mayai yanayotoka pamoja na kinyesi. Mwenye mbwa haoni kitu. Havioni hata vile vipande vyeupe vinavyojikunjakunja mkiani, ambavyo huachwa na tegu wa aina nyingine, anayeenezwa na viroboto. Kwa kuwa haoni, haendi kutafuta dawa, na atakayeumwa si mbwa bali mtu.

Wataalamu humwita tegu huyo Echinococcus granulosus. Mtu akimeza yai lake, kwa mkono uliomshika mbwa au kwa maji yaliyochafuka, kijidudu kilichomo ndani ya yai hutoboa utumbo, hubebwa na damu, na mara nyingi hutua kwenye ini. Wengine huwapata mapafuni. Hapo hujitengenezea mfuko wa maji. Mfuko huo hukua polepole mno, mwaka baada ya mwaka, hata ukaweza kubeba lita kadhaa. Ukipasuka ndani ya mwili, mgonjwa anaweza kufa kwa mshtuko wa mzio, na yaliyomo yakimwagika huota mifuko mingine mipya. Tiba ni upasuaji, au kufyonza maji hayo kwa sindano huku daktari akiangalia kwenye altrasaundi, au kumeza albendazoli kwa miezi. Mfugaji anayeishi mbali na hospitali apate wapi hayo yote?

Swali hilo lilikuwa zito kuliko kwingine kote huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikadiria kwamba kaskazini mwa Turkana watu wapatao 220 kati ya kila 100,000 walikuwa wakipata ugonjwa huu kila mwaka, kiwango ambacho hakikuwa kimeripotiwa mahali pengine popote duniani. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 likijulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilianza mwaka 1983 mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo katika eneo la Lokichogio. Wapasuaji waliendelea na kazi yao, lakini safari hii timu nyingine ilikwenda kwa mbwa.

Kwa nini Turkana? Mbwa wa huko ni mtu wa nyumbani. Hulala penye kivuli pamoja na watoto, na katika nchi ambayo maji hufuatwa mwendo mrefu kwa miguu, mama alimwachia mbwa amlambe mtoto aliyejichafua. Msomaji wa mjini asikimbilie kulaumu. Ukosefu wa maji ndio uliomfikisha mama huyo hapo. Jua la Turkana huyaua mayai haraka yakiwa wazi, ila kibandani na kandokando ya visima kuna unyevu na kivuli, na hapo ndipo watu na mbwa hukusanyika. Mbwa naye huambukizwa anapokula maini na mapafu ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia yenye mifuko ya maji, yale ambayo mchinjaji huyakata na kuyatupa kando.

Dawa iliyotumika ni prazikwanteli. Mzazi wa Mwanza au Kisumu anaifahamu hata kama jina halikumbuki, maana ndiyo dawa ya kichocho wanayopewa watoto shuleni. Iligunduliwa Ujerumani katika miaka ya 1970 na kampuni za Merck na Bayer. Kwa mbwa, kipimo cha kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Kidonge cha miligramu 50 kinamtosha mbwa wa kilo 10. Ikimfikia tegu, madini ya kalsiamu humwingia kwa kasi, misuli yake hukakamaa, ngozi yake huchanika, naye huachia utumbo.

Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa adha. Dawa iliyotegemewa, New Zealand kwa mfano, ilikuwa arekolini, ambayo asili yake ni popoo, hiyohiyo ambayo watu wa pwani yetu huitafuna ndani ya tambuu. Ilimlegeza tegu na kumharisha mbwa palepale. Mbwa walifungwa kamba wakasimamiwa mpaka tumbo lisafike, na waliowasimamia walizungukwa na kinyesi kilichojaa mayai mazima. Kidonge cha prazikwanteli kikifichwa ndani ya kipande cha nyama, mbwa hukimeza mkononi mwa mwenyewe bila vurugu.

Ila kidonge hiki hakilindi siku za mbele. Kinawaua tegu waliopo leo, basi. Mbwa akila ini bovu keshokutwa, anaanza upya. Tena hakiyaui mayai, kwa hiyo kinyesi cha siku mbili za kwanza kinapaswa kuzikwa au kuchomwa, jambo ambalo muuza dawa nadra kulitaja. Tegu mchanga huhitaji wiki sita hivi ndani ya mbwa kabla ya kuanza kutoa mayai, na hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa mpango wa Turkana wawanyweshe mbwa kila baada ya wiki sita. Tarehe ina uzito sawa na dawa yenyewe. Wafugaji nao huhama kufuata malisho. Wiki ya sita inapofika, boma lililokuwa hapa limeshahamia kwingine. Hata hivyo vipimo vya altrasaundi vinaonyesha mabadiliko: katikati ya miaka ya 1980 waliokutwa na mifuko hiyo walikuwa asilimia 5.6, na mwaka 2010 na 2011 walikuwa kati ya asilimia 1.9 na 3.8. Kwangu mimi hayo ni mafanikio makubwa, na yametokana na kazi ya kuchosha ya kurudi tena na tena kwenye maboma yaleyale.

Mijini hadithi ni nyingine kidogo. Hapa tatizo kubwa ni minyoo ya mviringo, ambayo watoto wa mbwa huzaliwa nayo kwa kuwa hupita kwa mama kabla hawajazaliwa, pamoja na safura, inayowafikia kwa maziwa. Ndiyo maana dawa huanza wakiwa na wiki mbili tu, ikarudiwa kila wiki mbili hadi wafike wiki nane. Prazikwanteli peke yake haifui dafu kwa minyoo hii. Inahitajika pirantel au fenbendazoli. Kwa hiyo anayekwenda dukani kuomba "dawa ya minyoo ya mbwa" aulize ndani mna nini.

Na asikubali kuuziwa ivamektini ya ng'ombe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu chupa ile ni rahisi kupatikana. Ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo. Mbwa anayekingwa minyoo ya moyo hupewa mikrogramu 6 tu kwa mwezi. Mkono ukiteleza kidogo kwenye bomba la sindano, kipimo kimeshazidi mara nyingi. Mbwa wa jamii ya koli, na wengi wenye damu yao, hurithi kasoro inayoiacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo: wanayumba, wanapofuka, wanazimia.

Lipo jambo moja ambalo halmashauri na kaunti zetu zingeweza kulifanya bila kungoja wafadhili. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto huja na mbwa wao wamewafunga kamba, wamepanga foleni chini ya mti. Mbwa ameshashikwa, daktari wa mifugo yupo, daftari liko wazi. Apewe na kidonge papo hapo, na mwenye mbwa aandikiwe tarehe ya kinachofuata. Mara moja kwa mwaka haitoshi kwa tegu wa Turkana wala wa Umasaini, lakini foleni ile ndiyo mahali pekee ambapo mbwa wengi wa vijijini hukutana na mtaalamu. Machinjioni nako lichimbwe shimo lenye mfuniko, maana kumnywesha mbwa dawa huku maini mabovu yakitupwa uani ni kutwanga maji kwenye kinu.

Bajeti iandikwe ya miaka, isiwe ya kampeni moja. Kondoo aliyekwishaambukizwa hubaki na mifuko yake mpaka achinjwe, na mtoto aliyemeza yai mwaka huu huenda asiugue mpaka awe mtu mzima. Mkurugenzi atakayeidhinisha fedha za vidonge leo hatakuwa na picha ya kuonyesha mwisho wa mwaka wa fedha, na madiwani wanapaswa kuambiwa hivyo mapema, kabla hawajaanza kuuliza matokeo yako wapi.