Ndugu mgonjwa, zima televisheni ulale

Ndugu mfanyakazi, munganga amekupa siku tatu za kupumzika nyumbani. Usiku kikohozi na maumivu ya kichwa vinakunyima usingizi. Unawasha televisheni na kufuata watu waliofungiwa pamoja nyumbani, kama katika Big Brother, mchezo ulioanza Uholanzi mwaka 1999. Wanagombana, mmoja atafukuzwa. Saa nane ya usiku inapita, ungali macho.

Sababu ni mbili. Watengenezaji hukata kipindi ugomvi unapopamba moto, ili ungojee kinachofuata. Tena mwanga wa kioo huzuia melatonini, homoni ambayo ubongo hutoa gizani kuutayarisha mwili kulala. Na usingizi ndio unaousaidia mwili kupigana na ugonjwa.

Basi fanya hivi:

1. Zima televisheni saa nzima kabla ya kulala.
2. Ukikohoa, inua kichwa kwa mito miwili.
3. Jioni acha kahawa, chai nzito na pombe.
4. Usingizi ukikataa, keti penye mwanga hafifu. Ukisinzia, rudi kitandani.
5. Homa ikipanda, usingoje kipindi kiishe wala kupambazuke. Nenda dispansari: pengine ni malaria.

Nanyi wa nyumbani, msiwashe televisheni chumbani mwa mgonjwa.

Kumbuka: mtu aliyekesha masaa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa akili na mikono kama aliyekunywa pombe. Akirudi kazini hivyo kuendesha lori au mashine, anahatarisha wenzake pia.