Pesa Iliyofungwa kwenye Bangili

Kwa miaka mingi, pale Kilambo karibu na Walikale, mashariki mwa Kongo, ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami. Zilishusha bia, sukari na sabuni kutoka Goma, zikapakia magunia ya kasiterite, yaani mawe ya bati, zikaruka. Aliyekulia huko anajua kuwa utajiri unaweza kupita mbele ya mlango wako kila siku usibishe hodi. Kwa hiyo hatapata shida kuelewa hoteli za ufukweni Zanzibar, zile ambazo mgeni hulipa mara moja tu na kila kitu kimo ndani: kitanda, chakula, pombe na michezo.

Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia Mbelgiji Gérard Blitz, aliyeanzisha Club Méditerranée mwaka 1950 kwa kambi ya mahema huko Alcúdia, kisiwani Mallorca. Baadaye wageni wake walilipia vinywaji kwa shanga walizovaa, wasihangaike na pochi ufukweni. Leo, katika hoteli nyingi, shanga zimekuwa bangili ya plastiki. Mhudumu wa baa huangalia mkono kwanza, uso baadaye.

Hoteli inapataje faida ikiwa mtu anakula atakavyo? Haimpigii hesabu mgeni mmoja; inawapigia mia kwa pamoja. Anayekunywa bia kumi amekwisha kulipiwa na wawili wanaokunywa maji. Hata meza ya chakula imepangwa kwa akili: mkate, wali na tambi viko mwanzoni, sahani ni ndogo, na kamba wako mwisho kabisa, mpishi akiwagawa kwa mkono wake. Ukifika kwao, sahani imejaa.

Kazi kubwa ya bangili huonekana jioni. Nje ya uzio, kijijini Nungwi au Kiwengwa, kuna mama lishe mwenye pweza wa nazi. Sisi wa Kivu tungemwita mwenye malewa. Mgeni akienda kula kwake, amelipia chakula cha usiku mara mbili, maana kile cha hotelini alikwisha kukilipia kabla hajapanda ndege. Hivyo haendi. Hana chuki na kijiji. Hesabu yake ndiyo inamrudisha. Papasi, mchuuzi wa ufukweni, naye hubaki kwenye mchanga na vinyago vyake, akimsubiri atakayekwenda kuoga baharini.

Maji hayafuati uzio huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza ulikuta kaya ya kijiji cha pwani Zanzibar ikitumia takriban lita 93 kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikifikia lita 3,195. Pesa inabaki ndani, maji yanachotwa nje.

Hata hivyo, si kila mahali penye bei moja pana jirani aliyefungiwa nje. Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga katika Ziwa Kivu, ni ukingo wa kreta uliochomoza majini, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kabla vita havijaingia Goma Januari 2025, wageni walivuka kwa boti kwenda kulala huko kwenye mahema na kula hapo hapo. Pale, pasipo na kijiji nje ya uzio, bei moja haikumnyang'anya mama lishe mteja.

Lakini penye kijiji jirani, ukitaka kujua kinapata nini, mlango wa kuchungulia ni ule wa jikoni. Hoteli kubwa inataka nyanya zinazolingana, kila wiki, kwa risiti, na zilipiwe baadaye. Mkulima mmoja hawezi. Ushirika wenye gari, ghala la baridi na akiba ya kusubiri malipo unaweza. Usipokuwepo, nyanya zitavuka bahari, na kijiji kitabakiwa na mishahara tu. Mshahara si kitu kidogo, lakini hauwafikii wote.

Turudi kwetu. Kambi ya mgodi, ambamo mfanyakazi analala, anakula na kutibiwa bila kutoa franka mfukoni, nayo ni hoteli ya kila kitu ndani, imekosa bahari tu. Anayetaka kujua Walikale inapata nini asiishie kuhesabu magunia yanayotoka. Aulize pia sombe, yaani kisamvu, inayopikwa humo imetoka shamba la nani.