Mashindano ya Mashairi: Wasikilizaji Ndio Waamuzi

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuhudhuria sherehe kijijini. Mgeni rasmi amekwisha keti. Watoto wa shule wamesimama, wamesema ngonjera yao. Kisha anainuka mshairi, mtu mzima, anaanza kusoma shairi. Shairi linakwenda, linakwenda, halifiki mwisho. Kina mama walioko nyuma wanaanza mazungumzo yao. Wazee wanatazama jua. Linapokwisha, watu wote wanapiga makofi. Wanapiga kwa adabu tu, si kwa kupenda. Mshairi anarudi kuketi akidhani amependeza. Je, nani atamwambia ukweli? Hakuna.

Katika makala haya tutaeleza mkutano wa mashairi wa namna nyingine. Katika mkutano huo, mshairi huambiwa ukweli palepale, na wanaomwambia ni watu waliokuja kumsikiliza. Mkutano huo huitwa slamu. Ni neno la Kiingereza. Maana yake ni kubamiza, kama mtu anavyobamiza mlango kwa kishindo. Slamu ilianza Marekani, katika mji wa Chicago.

Mjenzi aliyependa mashairi

Mwanzilishi wa slamu anaitwa Marc Smith. Hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mfanyakazi wa ujenzi wa nyumba aliyependa kutunga mashairi. Wakati ule, mikutano mingi ya mashairi ilikuwa ya wasomi wachache. Mshairi aliinamisha kichwa juu ya karatasi akasoma kwa sauti ndogo. Watu wa kawaida hawakwenda. Waliona kuwa mashairi si mambo yao.

Smith hakukubali. Aliona kwamba shairi ni mali ya watu wote, na kwamba mshairi ana wajibu wa kusikika. Mwaka 1984 alianza kuendesha mkutano wa mashairi katika baa ndogo mjini Chicago iliyoitwa Get Me High Lounge. Yeye na wenzake hawakusoma tu. Walitumia sauti, mikono na uso, kama msimulizi hodari wa hadithi anavyofanya.

Mwezi Julai mwaka 1986 alihamia Green Mill. Hiyo ni kilabu ya zamani ya muziki, iliyofunguliwa mwaka 1907. Mkutano ulifanyika Jumapili jioni, nao uliendelea kwa miaka mingi.

Mashindano yenyewe yalizaliwa kwa bahati. Kipindi kilikuwa na sehemu tatu. Jioni moja Smith aliishiwa na mambo ya kuweka katika sehemu ya mwisho. Afanye nini, na watu bado wameketi? Akaanzisha mashindano ya mzaha, akawaambia wasikilizaji waamue mshindi. Kwanza waliamua kwa makofi na kelele. Baadaye wakaanza kutoa alama kwa tarakimu. Kumbe watu wamependa! Kitu kilichowekwa kujazia muda kikawa ndicho kinachowaleta watu.

Jioni ilivyokwenda

Sehemu ya kwanza ilikuwa jukwaa la wote. Wenyewe husema kipaza sauti kiko wazi. Mtu yeyote anayetaka kusema shairi huandikisha jina lake mapema. Jina likiitwa, anapanda jukwaani. Haulizwi amesoma darasa la ngapi. Haulizwi ni mtoto wa nani. Anapewa dakika chache, akimaliza anampisha mwenzake.

Sehemu ya pili ilikuwa ya mshairi mgeni, aliyealikwa. Huyu alipewa muda mrefu zaidi. Watu waliona kazi ya mtu mzoefu.

Sehemu ya tatu ndiyo ilikuwa mashindano.

Katika sehemu zote wasikilizaji hawakukaa kimya kama wako msibani. Walipopenda, walishangilia. Walipochoka, walialisha vidole. Wakichoka zaidi walipiga miguu sakafuni na kuguna. Mahali pengine kualisha vidole ni dalili ya sifa, lakini pale Green Mill ilikuwa onyo.

Smith mwenyewe hakusamehewa. Kila alipojitaja jina lake jukwaani, watu walimjibu wote kwa pamoja, kama kusema, "Haya, kwa hiyo?" Ulikuwa utani, lakini ulikuwa na fundisho. Jina kubwa halitoshi. Tuonyeshe shairi.

Sheria za slamu

Slamu ilienea haraka. Mwaka 1990 yalifanyika mashindano ya kwanza ya taifa la Marekani katika mji wa San Francisco. Baadaye slamu ilifika nchi nyingine nyingi, kama Ujerumani na Ufaransa. Sheria hutofautiana kidogo mahali na mahali. Zile za mashindano ya taifa huko Marekani zilikuwa hivi:

1. Shairi liwe la mshairi mwenyewe. Kusema shairi la mtu mwingine hakuruhusiwi.

2. Muda ni dakika 3. Mshairi anaongezewa sekunde 10 za huruma. Akizidisha hapo anapunguziwa alama.

3. Hakuna ngoma, wala zeze, wala mavazi ya maigizo, wala vifaa vya kuchezea. Ni mtu na maneno yake.

4. Kusoma kwenye karatasi kunaruhusiwa. Kusema kwa moyo kunaruhusiwa pia.

5. Waamuzi ni 5. Wanachaguliwa miongoni mwa wasikilizaji. Hawahitaji kuwa wataalamu wa mashairi. Lakini wasiwe ndugu au marafiki wa washindani.

6. Kila mwamuzi anatoa alama kuanzia 0 hadi 10. Alama ya juu kabisa inatupwa. Alama ya chini kabisa inatupwa. Zinazobaki 3 zinajumlishwa.

Tena kuna jambo la busara. Kabla ya mashindano, mshairi mmoja asiyeshindana hutangulia kusema shairi. Waamuzi humpa alama za kujaribia tu. Kwa njia hiyo wanazoea kazi yao, na mshindani wa kwanza haonewi.

Kwa nini alama mbili hutupwa?

Hebu tufanye hesabu. Chukua kalamu yako, ndugu msomaji.

Mshairi wa kwanza amepewa alama hizi: 6, 7, 7, 8 na 10. Mshairi wa pili amepewa hizi: 1, 7, 8, 8 na 10.

Tazama ile 1 ya mshairi wa pili. Waamuzi wanne wameona shairi ni zuri. Mmoja ametoa 1. Pengine ana chuki naye. Pengine shairi limemgusa pabaya.

Tukijumlisha alama zote tano, wa kwanza anapata 38. Wa pili anapata 34. Basi wa kwanza ameshinda, na mtu mmoja mwenye chuki ndiye aliyeamua.

Sasa tutupe alama ya juu na ya chini kwa kila mmoja. Wa kwanza anabaki na 7, 7 na 8. Jumla ni 22. Wa pili anabaki na 7, 8 na 8. Jumla ni 23. Wa pili ndiye mshindi.

Umeona? Alama ya chuki imetupwa. Alama ya upendeleo nayo imetupwa. Hesabu ndogo tu imezuia uonevu. Njia hii yaweza kufaa hata katika kuamua mashindano ya ngoma au ya kwaya.

Je, sisi hatukuwa na mashindano?

Tulikuwa nayo, tena ya zamani sana kuliko slamu. Katika pwani yetu washairi walijibizana tangu kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipogombana. Watu walisubiri jibu lifike, wakapima wenyewe nani amemfunga mwenzake. Na Tanzania inaikumbuka kazi ya Mathias Mnyampala, aliyeieneza ngonjera katika miaka ya 1960. Ngonjera pia ni mabishano. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, mpaka mjinga anaelimika.

Lakini kuna tofauti. Katika malumbano yetu, shairi moja hulijibu jingine. Katika slamu, kila mshairi husema jambo lake, kisha hulinganishwa kwa alama. Katika mashairi yetu ya mapokeo kuna vina na mizani. Mtu akikosea mizani, mjuzi humkamata. Katika slamu hakuna sharti hilo. Mwenye kutaka vina aweke, asiyetaka aache. Sharti ni moja tu: watu wasikie, waelewe, waguswe.

Siku hizi namna hii ya mashindano imefika kwetu pia. Jijini Nairobi yalifanyika mashindano yaliyoitwa Slam Africa. Vijana walisema mashairi kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Sheng.

Faida na hatari

Faida kubwa ya slamu ni kwamba imewafungulia mlango watu ambao hawakualikwa zamani. Mfano ni Patricia Smith, mwanamke mweusi aliyezaliwa Chicago na aliyekuwa mwandishi wa gazeti. Yeye si ndugu wa Marc Smith, ni majina tu yamefanana. Alianza kusema mashairi yake katika jukwaa hilo la Chicago. Akawa bingwa wa taifa mara 4. Leo vitabu vyake vya mashairi vinaheshimiwa na wasomi walewale ambao zamani hawakukanyaga baa kusikiliza shairi.

Lakini kila kizuri kina kasoro yake. Mwaka 2000 msomi mashuhuri wa Marekani, Harold Bloom, aliishutumu slamu vikali. Alisema kuwa ni kifo cha sanaa. Maneno yake ni makali mno, lakini tusiyatupe yote. Mshairi anayewania alama anaweza kuanza kupiga kelele kwa sababu kelele hupendwa. Anaweza kusema mambo ya kuchekesha tu na kuacha yenye uzito. Anaweza kutafuta machozi ya watu kama mfanyabiashara anavyotafuta pesa. Tena wasikilizaji wakichangamka, alama hupanda kadiri jioni inavyokwenda. Aliyesema mwanzo anaweza kupunjwa ingawa shairi lake lilikuwa bora.

Ndiyo maana watu wa slamu wana msemo wao. Wanasema kwamba alama si shabaha, shabaha ni shairi. Alama ni chambo tu cha kumfanya msikilizaji atege sikio. Mwamuzi aliyeshika kibao cha alama hawezi kusinzia. Jirani yake naye hasinzii, kwa sababu anataka kubisha ile alama.

Mkitaka kujaribu

Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Hata kipaza sauti si lazima, kama watu si wengi. Mnahitaji mahali pa kukaa, kama darasa la kisomo au chini ya mti. Mnahitaji mtu mmoja wa kuongoza, mwenye maneno ya kuchangamsha na asiyeogopa watu. Mnahitaji saa, daftari la kuandikia majina, na vipande vya karatasi ngumu vya kuandikia alama.

Anzeni na jukwaa la wote. Mashindano yafuate baadaye, watu wakishazoea. Chagueni waamuzi mchanganyiko: mzee, kijana, mama, baba, na mmoja wa kijiji cha jirani. Mgeni rasmi akiwapo, aketi asikilize kama wengine. Asipewe alama zake peke yake.

Wekeni pia mipaka. Shairi lisimtukane mtu kwa jina, wala lisitoe siri ya nyumba ya mtu. Kuguna ni kwa ajili ya shairi, si kwa ajili ya mshairi. Hasa mtu anayesimama mara ya kwanza, apigiwe makofi kwa kuwa amesimama.

Na wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, usijiweke nyuma. Pengine unayo maneno moyoni siku nyingi, ya shamba, ya ndoa, ya mtoto aliyekwenda mjini asirudi. Yaandike. Dakika tatu ni kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari, si zaidi. Yasome kwa sauti ukiwa peke yako. Mahali ulimi unapokwama, rekebisha. Kisha simama na karatasi yako. Inaruhusiwa. Mkono ukitetemeka si kitu. Na shairi likishasemwa, lihifadhi katika daftari, maana neno lisiloandikwa huchukuliwa na upepo.

Watu wakipiga makofi siku hiyo, utajua ni makofi ya kweli.

Maswali ya kuzungumza na wenzako

1. Kwa nini alama ya juu na ya chini hutupwa?

2. Mshairi A amepewa 5, 6, 8, 9 na 9. Mshairi B amepewa 2, 7, 8, 8 na 10. Je, kuna mshindi kwa hesabu ya slamu, na kila mmoja ana jumla gani?

3. Je, katika kijiji chenu msikilizaji anaweza kumwambia mshairi ukweli bila kugombana naye? Mfanye nini ili aweze?