Maziwa ya usiku: kwa nini mtoto mchanga huamka, na nani aamke naye

Katika ziara za kichungaji kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, sisi mapadre hukutana mara nyingi na kina mama wenye watoto wa mwezi mmoja au miwili, nao hutuuliza neno moja kwa namna mbalimbali: mtoto haachi kuamka usiku, je, maziwa yangu hayatoshi? Swali hilo ni la afya kabla ya kuwa la imani, nasi hatudai kuketi katika kiti cha mkunga. Lakini jibu linalotolewa nyumbani huamua kama mtoto ataendelea na maziwa ya mama pekee, au atapewa uji kabla ya wakati wake. Na kama mama atapumzika kwa amani au kwa kujilaumu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulieleza.

Mtoto mchanga huamka kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Tumbo lake ni dogo mno, siku ya kwanza halibebi zaidi ya kijiko kimoja au viwili vya chai, na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Kwa hiyo hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, wala hatofautishi mchana na usiku. Katika majuma ya kwanza, aliyelala muda mrefu mno, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, huamshwa anyonye. Mwili wa mama nao hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyonyonywa, na homoni iitwayo prolaktini, inayouamuru mwili kufanya kazi hiyo, huwa juu zaidi nyakati za usiku. Mtoto anayenyonya saa nane za usiku anashiba saa ile, na papo hapo anaagiza maziwa ya kesho.

Hapa ndipo uji unapoingia. Mtoto analia usiku wa tatu mfululizo. Mama mkwe au shangazi, kwa mapenzi mema kabisa, anasema maziwa ya huyu binti ni mepesi, mtoto apewe uji kidogo, au maji, au dawa ya chango. Mtoto aliyejazwa uji hunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa hupungua. Na baada ya majuma mawili mama huona kwa macho yake kwamba kweli hayatoshi. Aliyetoa ushauri huhesabiwa kuwa na hekima, kumbe ushauri wenyewe ndio ulioyapunguza maziwa. Tena maji na uji huleta kuhara kwa tumbo ambalo bado halijawa tayari. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba kwa miezi 6 ya mwanzo mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, isipokuwa dawa zilizoagizwa na mganga. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi afuate kwa uaminifu dawa na maelekezo ya kliniki. Kwake yeye, kuchanganya maziwa na uji katika miezi hiyo ni hatari zaidi.

Kilio si kipimo kizuri cha njaa. Kipimo ni nepi na kadi ya kliniki. Tangu mwisho wa juma la kwanza, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na ambaye uzito wake unapanda, anapata maziwa ya kutosha hata akiamka mara nne usiku. Lakini anayekataa kunyonya, mwenye homa, degedege, kupumua kwa shida au umanjano unaozidi, apelekwe hospitali usiku uleule. Tutamwombea akiwa njiani, asingojee tufike.

Kuna jambo jingine ambalo wanandoa Wakatoliki wanapaswa kulijua. Kunyonyesha usiku ni sehemu ya mpango wa asili wa kupanga uzazi. Ikiwa mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi ya mama haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa pekee mchana na usiku, uwezekano wa kushika mimba ni chini ya asilimia 2. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena. Waelimishaji hushauri pasipite zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku bila kunyonyesha. Tumewasikia wanandoa wakisema njia hii imewaangusha, na tukiwauliza zaidi tunagundua kwamba mtoto alikuwa amekwisha kuanzishiwa uji.

Ipo pia imani kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati wa kunyonyesha humbemenda mtoto. Imani hiyo haina msingi wa kitabibu, na matunda yake tunayaona katika mashauri ya ndoa: mume huhamia chumba kingine, wengine huhamia mbali zaidi, na mama hubaki peke yake na usiku wake. Wenzi wangojee mpaka mama apone baada ya kujifungua, wamsikilize mkunga, kisha warudiane kwa upendo na subira.

Baba hana titi, lakini ana mikono. Aweza kumbadilisha mtoto nepi, kumpa mama maji ya kunywa, kuchomekea chandarua, kisha kumweka mtoto begani mpaka acheue. Aweza pia kumtazama mama asisinzie ameketi kitini na mtoto mikononi, kwa maana humo mtoto hubanwa na kukosa pumzi. Injili ya Mathayo yasimulia kwamba Yosefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake. Wanaume tunaolihubiri somo hilo na wanaolisikia tusilisome kama habari ya Misri tu. Kwa mama aliyeajiriwa msaada huo una uzito wa pekee: likizo ya uzazi ya siku 84 kisheria huisha mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, na tangu hapo maziwa ya usiku ndiyo hasa yanayoshikilia unyonyeshaji wote.

Sasa neno la dhamiri. Wapo kina mama wanaoungama kwamba wamekosa Misa ya Dominika kwa sababu ya mtoto mchanga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2181, inapotaja sababu nzito zinazomwondolea mwamini wajibu huo, inatoa mifano ya ugonjwa na malezi ya watoto wachanga. Aliyekesha na mtoto, akashindwa kusimama asubuhi, hana dhambi ya kuungama hapo. Vivyo hivyo rozari iliyokatizwa katika fumbo la pili kwa usingizi. Na anayeweza kuja kanisani, amnyonyeshe mtoto palepale akilia. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia hivyo kina mama katika Kikanisa cha Sistina, alipobatiza watoto wao Januari 2014, kwa hiyo wahudumu wetu wa milangoni hawana sababu ya kuwatoa nje.

Mama akikosa nguvu ya kufika kwa majuma kadhaa, mwenyekiti wa Jumuiya amjulishe paroko, naye atapanga aletewe Komunyo nyumbani. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu zikimkuta ananyonyesha, desturi ya Kanisa humhesabu kuwa amesamehewa kufunga: ale ugali wake na samaki, ashibe, na watu wa nyumbani wasimhesabie milo.