Mwani na bakteria: vibarua wasiolipwa wa kusafisha maji taka

Mwezi uliopita shimo la choo la jirani yangu lilijaa, likaanza kutoa maji uchochoroni, pale pale wanapopitia watoto kwenda madrasa. Akaita gari la kunyonya maji taka. Nilimuuliza dereva, "Kaka, huu mzigo waenda kuumwaga wapi?" Akacheka. "Sheikh wangu, nyinyi lipeni tu, ya huko niachieni mimi."

Jibu lile limenikaa moyoni. Sisi watu wa Pwani tunajua vyema kwamba kinachomwagwa usiku kwenye mkono wa bahari hurudi mchana kwenye samaki, na kwenye visima pia. Ardhi yetu nyingi ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu. Shimo la choo na kisima vikikaribiana, maji ya huku hupenya hadi kule, na kipindupindu kikizuka twaanza kuulizana kimetoka wapi. Mabomba ya maji taka nayo yamefika sehemu ndogo tu ya miji yetu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu njia moja ya kusafisha maji haya isiyotaka mitambo mikubwa wala umeme mwingi. Kazi hufanywa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao ni bakteria na mwani. Simaanishi ule mwani mrefu unaoletwa ufuoni na kusi. Nasema mwani mdogo kabisa, ule unaoyageuza maji ya dimbwi kuwa ya kijani.

Nilipokuwa nikisomea diploma, tulipelekwa kutazama mabwawa ya maji taka. Nilidhani nitakuta mashine zinanguruma, kumbe kulikuwa kimya na ndege wametanda. Mzee aliyetutembeza alituambia, "Wanangu, wafanyakazi wangu ni hao wa kijani. Hawagomi wala hawaombi mshahara, bora wapate jua."

Kazi yenyewe huenda hivi. Maji taka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu, mita 2 hadi 5. Humo hamna oksijeni. Uchafu mzito huzama chini, na bakteria wasiohitaji hewa huula na kuuvunjavunja. Katika joto kama letu, bwawa hili laweza kuondoa zaidi ya nusu ya uchafu unaooza katika muda wa siku chache tu.

Kutoka hapo maji huingia bwawa la pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2 hivi, na hapa ndipo penye ushirika wa ajabu. Bakteria wanaovuta hewa hula uchafu uliobaki na kutoa hewa ya kaboni pamoja na chumvichumvi za mbolea. Mwani huvichukua vitu hivyo, na kwa msaada wa jua hujitengenezea chakula, kisha hutoa oksijeni. Oksijeni hiyo ndiyo bakteria wanayoihitaji ili waendelee kula. Kila mmoja anaishi kwa jasho la mwenzake. Katika mitambo ya kisasa, oksijeni hiyo huingizwa kwa mashine za umeme zinazokoroga maji usiku na mchana, na bili yake si mchezo.

Mwisho kuna mabwawa ya kina kifupi, kama mita 1. Kazi ya haya ni kuua vijidudu vya maradhi. Mchana jua likiwa kali, mwani hufyonza hewa ya kaboni kwa wingi, na maji hugeuka kuwa na tabia ya magadi, hata kipimo cha pH kikapita 9. Vijidudu vingi vya tumboni haviwezi kuishi humo, na mwanga wa jua nao huvimaliza. Mayai ya minyoo yanakuwa yameshazama njiani kwa sababu maji hukaa mabwawani siku nyingi.

Elimu hii si ya jana. Miaka ya 1950 huko California, William Oswald wa Chuo Kikuu cha Berkeley alichunguza kwa kina ushirika huu wa mwani na bakteria. Mwaka 1992, mhandisi Mwingereza Duncan Mara na wenzake walitoa mwongozo wa kujenga mabwawa haya uliotungwa mahsusi kwa Afrika Mashariki.

Hapa Kenya, mabwawa makubwa ya namna hii yako Ruai, nje ya Nairobi, katika kituo kiitwacho Dandora. Huenda ukasema hayo ni ya bara, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Maji yakitoka pale huingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao mbele huitwa Galana, na mwisho ndio Sabaki wetu unaoingia baharini karibu na Malindi. Na kando ya Sabaki ndiko kuliko visima vya Baricho, vinavyolisha Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji hayo huchujwa na mchanga na kutiwa dawa, alhamdulillahi, lakini mabwawa ya Ruai yakizidiwa, mto unaoteseka ni huu wetu.

Sitaki nikufiche kasoro zake. Mabwawa yanataka ardhi kubwa. Matope ya chini yasipoondolewa baada ya miaka kadhaa, bwawa hujaa na kunuka. Majani yakiachwa yaote pembeni, mbu huzaana. Na kwenye jiwe letu la matumbawe ni lazima sakafu izibwe vizuri, la sivyo tutakuwa tumechimba choo kikubwa zaidi. Viwanda na gereji wakimwaga mafuta na kemikali humo, vibarua wetu hufa na kazi husimama.

Wengine huniuliza kama maji haya yafaa kutumiwa. Kwa kilimo, Shirika la Afya Duniani liliweka vipimo mwaka 1989, na likavipitia upya 2006. Ama tahara, baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwaka 1978 kwamba maji taka yakisafishwa hadi isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, hurudi kuwa tohara. Sisi tulio kwenye madhehebu ya Shafi si wageni wa vipimo hivyo vitatu. Undani wake waulize masheikh. Maji yanayotoka bwawani yakiwa bado ya kijani hayajafika huko, ila miti na majani ya mifugo yatayafurahia.

Rai yangu kwa kaunti zetu za Pwani ni moja: tengeni ardhi sasa. Jua tunalo la bure mwaka mzima, na joto lipo. Kinachotutoroka ni viwanja, maana kila uchao kipande kimoja kinauzwa. Tukingoja hadi kila pembe ijengwe, itabidi tununue mitambo ya bei ghali tusiyoweza kuilipia umeme.

Nasi wananchi, gari likija kunyonya shimo, tuulize linakwenda kumwaga wapi, na tusikubali kuambiwa "niachieni mimi".